Wimbo wa Tatu Baada ya Mapumziko

Aliyeomba kustaafu si mimi, ni kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto. Mimi nilikisindikiza tu. Kilianza kukataa kujikunja asubuhi, baadaye kikakataa na mchana, na mpiga besi asiye na kidole hicho ni sawa na fundi cherehani aliyebaki na mkasi. Kwa hiyo gitaa nimewaachia ninyi vijana wa bendi, na ile spika kubwa ambayo mgongo wangu unaikumbuka zaidi ya kichwa nimewaachia pia. Sasa nina muda wa kuandika yale mliyokuwa mkiniuliza kwenye mazoezi, mimi nikijifanya natafuta waya.

Sitaandika nani aliongoza bendi lini, wala nani alipewa nini. Mambo hayo yaliwagombanisha watu wakiwa hai, na sioni faida ya kuwagombanisha tena wakati wengine wako makaburini. Nitaandika kazi, na mwishoni nitajibu lile swali lenu la kila siku: kwa nini bendi ya dansi yenye umri kama wetu, yenye mtunzi na wapigaji, iliacha kutoa nyimbo mpya.

Nilifika mjini kijana mbichi kutoka Lindi, nikafikia kwa mjomba wangu Magomeni. Siku yangu ya kwanza kwenye bendi sikugusa gitaa. Mzee Sefu, mpiga besi wa kwanza wa bendi yetu na mwalimu wangu, alinipa sufuria. Nilidhani natumwa kupika chai. Kumbe ndani yake alikuwa amezungusha nyuzi nne za besi, akaniambia nizichemshe kama ninavyochemsha mihogo. Nyuzi wakati huo zilikuwa adimu, na zikishashiba jasho na vumbi la ukumbini zinakuwa bubu. Ukizichemsha zinatema uchafu, ukizikausha vizuri sauti inarudi kwa majuma kadhaa. Nilichemsha, nikafuta, nikaanika. Mama mwenye nyumba aliyopanga Sefu alipojua sufuria yake imepikia nini, alikata salamu na mimi kwa muda mrefu. Leo nyuzi mpya zimejaa Kariakoo, lakini jueni tu kwamba mtangulizi wenu alianza kazi kama mpishi.

Somo la pili la Sefu lilikuwa mahali pa kusimama. Aliniweka karibu na ngoma, upande wenye mwanga hafifu, akaniambia, "Mwimbaji anaangalia nyuso za watu, ndiyo maana anadanganywa kila siku. Wewe angalia miguu. Mguu haujui adabu." Nimeangalia miguu maisha yangu yote. Nawafahamu watu wa mji huu kwa viatu, na ninapokutana nao mchana sokoni inabidi niiname kidogo ndipo niwakumbuke.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi na nyingine hazikuwa na uhusiano wowote na muziki. Mvua za masika zikishajaza bonde la Jangwani, Magomeni na mjini zilikuwa nchi mbili. Jumapili moja tulikodi mkokoteni kuvusha vyombo, na maji yakatukuta katikati. Tulibeba spika kichwani watu wanne, mpiga tarumbeta akitangulia kupima kina kwa miguu yake kwa sababu ndiye aliyekuwa mrefu. Tulifika ukumbini tumelowa hadi masikioni, tukakuta watu wamekaa wanatusubiri, na mmoja akauliza mbona tumechelewa.

Kurekodi nako kulikuwa shughuli. Studio ya redio ilikuwa chumba kimoja, sote ndani, mlango umefungwa na feni imezimwa kwa sababu ilikuwa inasikika. Hakukuwa na kusema huyu atapiga sehemu yake kesho. Mkipiga vizuri hadi karibu na mwisho kisha mmoja akakosea, mnarudi mwanzo, wote, na mnamtazama. Ndiyo maana hatukwenda studio na wimbo ambao haujakomaa. Wimbo ulikomaa ukumbini, na sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Bendi yetu ilikuwa na desturi ambayo hamkuikuta, na walioijua walikatazwa kuitaja. Wimbo mpya ulipigwa Jumapili alasiri, kwenye onyesho letu la ukumbi ule wa nyuma ya soko, na siku zote uliwekwa wa tatu baada ya mapumziko. Hatukuutangaza. Ukisema "sasa tunawaletea wimbo mpya", watu watapiga makofi kwa heshima, na heshima haikusaidii kitu. Tuliupiga kimyakimya kama tulioupiga mwaka mzima, halafu tunaangalia meza moja.

Kwenye meza hiyo alikaa Bi Tatu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwenye duka Kariakoo, na alikuwa akija kila Jumapili na mumewe, marehemu Athumani, pamoja na wanawake watatu au wanne wa biashara. Sijaona mtu aliyecheza kama yeye. Hakuwa na mbwembwe, alikanyaga tu pale wimbo ulipotaka kukanyagwa. Sefu ndiye aliyemwona kwanza. Aligundua kwamba nyimbo zote zilizokuja kupendwa na mji mzima, Bi Tatu alisimama kuzicheza kabla ya chemko, yaani kabla ya ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanaongeza kasi. Kwenye chemko kila mtu husimama, hata mlevi, hata mwenye deni na mwenye baa. Lakini kusimama wakati mwimbaji bado anasimulia, hapo ndipo wimbo umefika.

Basi ikawa sheria. Bi Tatu akiinuka kabla ya chemko, tulisema wimbo umesimama, tunaendelea kuupiga na hatimaye tunaurekodi. Asipoinuka, tulisema umekaliwa. Wimbo uliokaliwa haukurudi tena jukwaani, hata kama mtunzi wake alilia. Na sharti kubwa lilikuwa kwamba yeye mwenyewe asijue. "Mkimwambia," Sefu alituonya, "ataanza kusimama kwa huruma, na watunzi wataanza kumpelekea zawadi. Hapo tutakuwa hatuna bendi, tutakuwa na ukoo."

Desturi hii ilitulea vizuri miaka mingi. Sefu alifariki, tukaiendeleza. Santuri zikaisha, kanda zikaja, kanda zikaisha, vijana wakaanza kutuuza kwenye vidude vidogo Mtaa wa Kongo bila kutuambia. Ninyi mnasema hiyo ndiyo sababu iliyotunyamazisha, pamoja na redio kutotupiga na watoto wa siku hizi kupenda mambo yao. Sababu zote hizo ni za kweli na hazihusiki. Tuliibiwa tangu enzi za kanda na tukaendelea kutoa nyimbo.

Mtunzi wetu mkuu alikuwa Nyoni, na mnamjua kwa sababu bado anawaimbia. Mnayemjua ni mzee mpole anayekuja na chupa yake ya maji ya tangawizi. Mimi nilimjua kijana kutoka Songea ambaye alikuwa akisikia mtu anagombana dirishani, Jumapili ugomvi ule umekuwa wimbo. Aliimba kwa sauti ya kwanza, akatunga zaidi ya nusu ya nyimbo zinazowalisha ninyi leo. Hakuwa na mtoto. Mkewe alipofariki, alibaki na kutunga tu.

Baada ya Athumani naye kufariki, Bi Tatu alipotea ukumbini kwa muda, kisha akarudi na wale wenzake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Nyoni alileta wimbo, tukauweka wa tatu baada ya mapumziko, Bi Tatu akakaa. Si vibaya, hutokea. Akaleta wa pili, ukakaliwa. Akaleta mwingine. Nilikuwa namwangalia yule mama kama dereva anavyoangalia taa za barabarani: ametulia kwenye kiti, mikono iko chini ya meza, uso hauna habari. Halafu tukipiga wimbo wa zamani wa kufungia onyesho, huyo anainuka, anacheza kama zamani.

Maana yake ilionekana wazi. Nyimbo za zamani bado zinamtoa kitini, mpya hazimtoi. Mwamuzi hakubadilika, aliyebadilika ni mtunzi. Hakuna aliyemwambia Nyoni maneno hayo, lakini aliyasoma kwenye nyuso zetu tulipokuwa tunapakia vyombo. Wenzetu wawili walitaka turekodi hivyo hivyo, kuna studio Magomeni ya kijana mmoja aliyetutaka hata bure. Nyoni alikataa. "Wimbo uliokaliwa hautoki," alisema. "Nikianza kujionea huruma leo, kesho nitawaimbia hata hodi ninazopiga milangoni."

Wa mwisho kuuleta ulikuwa wimbo wa mwanamke anayesubiri pantoni ya kuvukia Kigamboni, amevaa vizuri, na kila pantoni ikija anaiacha iondoke kwa sababu mtu wake hayumo ndani. Mimi niliupenda toka mazoezini. Besi yake ilikuwa na nafasi nyingi, nilipiga kidogo na kunyamaza sana, jambo ambalo vijana hamlipendi. Ukakaliwa. Nyoni alimaliza onyesho vizuri, akafunga kipaza sauti chake kwenye leso kama kawaida, kisha akaniambia bila kunitazama, "Kisima kimekauka, ndugu yangu. Tusiendelee kuchota tope."

Hakutunga tena. Aliendelea kuja na kuimba za zamani, lakini mazoezini alikaa kama abiria. Nilikuwa namwonea uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa hauna pa kwenda, kwa sababu nilikuwa naamini ameishiwa kweli.

Mwaka huo huo mtoto wa dada yangu alikuwa na sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, nikatumwa Kariakoo kutafuta vitenge vya sare. Nikaenda kwa Bi Tatu. Nilimkuta amekaa kwenye stuli ya plastiki mlangoni, soda mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kununua au umekuja kuota feni yangu kama wenzako?"

Nikamweleza shida yangu. Akanionyesha kwa kidevu marobota yaliyopangwa juu kabisa.

"Panda hapo kwenye ngazi uvute mwenyewe. Msichana wangu ametoka, na mimi nikishakaa nimekaa."

"Unaumwa?"

"Magoti. Daktari kaniambia nipunguze mwili. Nikamwambia aanze yeye."

Nikacheka, nikapanda. Nikiwa juu ya ngazi nikasema, kwa mzaha tu, "Magoti gani hayo, na Jumapili nakuona unacheza?"

"Nacheza mbili," alisema. "Hili goti lina nyimbo mbili kwa Jumapili. Nikiliongezea wa tatu, narudi nyumbani nimebebwa kama godoro. Basi naliwekea zile za marehemu. Ule mnaoanzia mkitoka mapumziko, tuliofungulia harusi yetu, na ule wa kufungia. Zilizobaki nacheza kwa vidole, chini ya meza. Mtu mzima utangaze magoti ukumbini? Si watakuletea kiti cha magurudumu."

Nilibaki pale juu nimeshika kitenge ambacho hata sikukitaka.

"Halafu nyinyi mna roho mbaya," akaendelea. "Mnatupigia wimbo mpya mtamu, tunaushika, Jumapili inayofuata haupo. Ule wa yule dada wa pantoni mliupeleka wapi? Kuna siku niliuimba humu dukani, mteja akaniuliza ni wa bendi gani, nikashindwa kumjibu." Akauimba kidogo, kiitikio chote, na aliusikia mara moja tu. Alikosea neno moja.

Wote tulioitwa wazoefu tulikuwa tumeangalia miguu kwa uaminifu mkubwa, na miguu ilikuwa inaumwa. Hatukumuuliza kwa sababu desturi ilikataza kumuuliza, na yeye hakusema kwa sababu ya aibu ya magoti. Nilitaka kumwambia yote palepale. Nikakumbuka kwamba nikimwambia, hata akisimama siku moja, Nyoni hataamini kusimama kwake. Nikashuka ngazi nikafunga mdomo, na nikanunua kile kitenge. Dada yangu alikichukia.

Kutoka Kariakoo nilikwenda moja kwa moja kwa Nyoni. Alikuwa barazani anamenya chungwa. Nikamweleza kila kitu, mpaka lile neno moja lililokosewa. Hakuruka kwa furaha kama nilivyotegemea. Alimaliza kumenya, akalikata, akanipa nusu.

"Kwa hiyo zote zile," alisema, "hatujui kama zilikaliwa."

"Hatujui."

"Na yeye hajui kitu."

"Sijamwambia."

Akala chungwa lake polepole. "Jumapili tuanze na wa pantoni tukitoka mapumziko. Goti likiwa bado lina nguvu. Ule wa harusi usogee."

Wenzetu tuliwaambia tu kwamba mpangilio umebadilika. Jumapili ilipofika, baada ya mapumziko Nyoni hakusema neno kwa watu. Nilianza mimi, noti chache za besi, halafu gitaa la ridhimu likaingia. Bi Tatu alikuwa ameshasukuma soda pembeni, kwa sababu alitegemea wimbo wa harusi yake. Aliposikia mwingine, akaegemea kiti tena. Nyoni akaimba ubeti wa kwanza. Sikuthubutu kumtazama Nyoni, nilitazama chini ya meza ile: miguu imetulia, viatu viko sambamba.

Ubeti wa pili, pale mwanamke anapoiacha pantoni ya kwanza iondoke, Bi Tatu alivua viatu. Jirani yake akamwambia kitu, akatikisa kichwa. Akaweka viganja viwili juu ya meza, akajisukuma, akasimama. Chemko lilikuwa bado mbali sana. Alisimama amefumba macho, akakanyaga mara moja, ya pili, na mimi niliyepiga kazi hii tangu ujana nikapoteza noti.

Nyoni alimwona. Najua alimwona kwa sababu sauti yake ilikatika kisha ikarudi, na ilirudi ya ujana. Aliimba mistari miwili mingine tu. Halafu akainua ngumi juu. Hiyo ilikuwa ishara yetu ya kuruka kwenda wimbo mwingine bila kusimama, tuliyoitumia ukumbi ukipoa, na ukumbi haukuwa umepoa hata kidogo. Mpiga solo alinitazama kama mtu aliyeona mwendawazimu. Nyoni akageuka, midomo yake ikatutajia wimbo wa harusi. Ufunguo wa nyimbo zote mbili ni mmoja, tukaruka.

Bi Tatu alifumbua macho. Akaweka mkono kifuani, akacheka peke yake, akaucheza wimbo wa mumewe hadi mwisho. Alipokaa, alikaa kwa kushikwa.

Baada ya onyesho nilimkuta Nyoni nyuma ya jukwaa anafunga kipaza sauti chake kwenye leso. Macho yalikuwa mekundu na alikuwa anatabasamu.

"Umesimama," nilimwambia. "Kabla ya chemko, kila mtu kaona. Kesho nampigia yule kijana wa studio."

"Wa nini?"

"Nyoni, wimbo umesimama!"

"Nimeona. Nilikuwa nataka kujua, na nimejua. Kisima kina maji." Alifunga fundo la leso. "Lakini tukiurekodi, itabidi tuupige kila Jumapili."

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Na saa za ukumbi haziongezeki, wala magoti ya watu. Ukiingia huu, mmoja lazima utoke." Kupitia mlango wa pembeni tulikuwa tunawaona wanawake wawili wakimwingiza Bi Tatu kwenye bajaji, wakimwinulia mguu kwa mikono. "Basi wewe ndiye unayeangalia miguu yao. Niambie, tuondoe upi?"

Nilizipitia nyimbo zetu moyoni, na kila niliougusa ulikuwa na mtu wake mle ukumbini. Mpaka leo sijamjibu.